Tusiuze megawati tu, tuuze na nguzo

Desemba 2024 njia ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Singida hadi Namanga ilikutana na ile iliyoshuka kutoka Isinya, nchini Kenya, na gridi za nchi hizi mbili zikaungana. Sehemu kubwa ya njia hiyo, zaidi ya kilomita 400, iko upande wa Tanzania. Ya Kenya haifiki 100. Isinya nayo imeungwa na Suswa, na Suswa ndiko inakoishia njia nyingine ya kilovolti 500 inayotoka Wolayta-Sodo, Ethiopia, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Ukizifuata nyaya hizo kwenye ramani, unatoka kwenye mabwawa ya Ethiopia ukafika Iringa bila kuinua kidole.

Kuuziana umeme si jambo geni kwetu. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kabla muongo ule haujaisha umeme wake ulikuwa ukivuka Tororo kwenda Kenya. Mkoa wa Kagera uliishi kwa umeme wa Uganda kwa miaka mingi, na Sumbawanga ikategemea wa Zambia. Maporomoko ya Rusumo, penye mitambo ya megawati 80, yanawahudumia Watanzania, Wanyarwanda na Warundi kwa mafungu matatu yaliyo sawa. Lililobadilika ni ukubwa wa biashara yenyewe. Zamani tulichangiana taa za mipakani. Sasa zinajengwa njia zinazoweza kupitisha mamia ya megawati, na penye mamia ya megawati pana fedha za kutosha kuendesha kiwanda, kulipa deni la bwawa au kuiongezea nchi dola.

Chukua mfano wa Ethiopia. Tangu Novemba 2022 inaiuzia Kenya umeme kwa mkataba wa miaka 25, ikianza na megawati 200 kwa bei ya senti 6.5 za dola kwa uniti. Piga hesabu: megawati 200 zikitoka usiku na mchana, mwaka mzima, zinaleta takriban dola milioni 114. Na huyo ni mteja mmoja. Kabla yake Ethiopia ilikuwa imeshaanza kuwauzia Djibouti na Sudan, na Septemba 2025 ilizindua Bwawa Kuu la Ufufuo (GERD) lenye uwezo wa megawati 5,150.

Tanzania nayo imeingia sokoni ikiwa na mtaji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Wa kwanza uliwashwa Februari 2024, na kufikia mwaka uliofuata yote tisa ilikuwa tayari. Uwezo wa kuzalisha nchini ukavuka megawati 4,000, wakati mahitaji ya juu kabisa mwanzoni mwa 2025 yalikuwa karibu 1,900.

Ndiyo maana Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza akiwa ziarani Kilimanjaro kwamba mikoa ya Kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, wengi walishangaa. Tuna umeme wa ziada, tununue wa nini? Swali lilikuwa la haki, na jibu lake linafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndilo linaloonyesha soko hili linavyokwenda. Rufiji iko kusini mashariki na Arusha iko kaskazini. Umeme ukisafiri mamia ya kilomita, sehemu yake hupotea njiani, na njia yenyewe ikielemewa, mji ulio mwisho wa waya ndio unaozimika. Njia kubwa ya kilovolti 400 kutoka Chalinze kwenda Dodoma, ambayo ndiyo ya kuutoa umeme wa Rufiji na kuupeleka katikati ya nchi, wakati huo ilikuwa bado inajengwa. Kwa Arusha na Moshi, umeme unaoingilia Namanga unapita mlango wa karibu na una uhakika zaidi.

Kuna na suala la mvua. Mabwawa ya Ethiopia hujaa kwa mvua za Juni hadi Septemba. Rufiji hupata maji yake mengi kati ya Novemba na Mei. Kwa hiyo mwezi wa Oktoba, maji yetu yakiwa yamepungua, ya kwao ndiyo kwanza yako juu. Na Aprili mambo yanageuka. Kenya ina utajiri mwingine kabisa. Mvuke wa ardhini wa Olkaria haujui masika wala kiangazi, na usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vimesimama, baadhi ya mvuke huo huachiwa uende hewani kwa kukosa mtumiaji. Nchi tatu zenye misimu tofauti, zikiungwa kwa waya mmoja, kila moja ni muuzaji na ni mnunuzi. Atakayebaki anadai kuuza tu asinunue kamwe atakuwa hajauelewa mchezo. Wazanzibari wanaijua hasara ya kutegemea njia moja: kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani takriban miezi mitatu baada ya waya wa baharini kutoka Bara kupata hitilafu, na haukuwepo mwingine wa kuushika mkono. Waya wa pili ulikuja kukamilika mwaka 2013.

Mnunuzi mkubwa zaidi kwa Tanzania, kwa maoni yangu, yuko kusini. Zambia inategemea maji kwa zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake, na ukame wa mwaka 2024 uliyashusha maji ya Bwawa la Kariba hadi watu wa Lusaka na Ndola wakakaa bila umeme sehemu kubwa ya siku. Migodi ya shaba haiwezi kusubiri mvua. Ndiyo sababu Benki ya Dunia na Umoja wa Ulaya vimeweka fedha katika njia ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga. Njia hiyo ikikamilika pande zote mbili, Muungano wa Soko la Umeme wa Mashariki ya Afrika, wenye makao yake Addis Ababa, utashikana na ule wa Kusini ulioanzishwa mwaka 1995. Umeme utaweza kutembea kutoka Cairo hadi Cape Town, angalau kwenye karatasi, na Tanzania itakuwa imekaa palepale katikati.

Hata hivyo tusisahau yaliyotokea Kongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikamilika njia ya takriban kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kupeleka umeme kwenye migodi ya Katanga. Ilipita juu ya vijiji visivyohesabika na havikupata hata taa moja. Mkongomani aliyezaliwa chini ya nyaya zile amezeeka akizitazama. Tanzania ina vitongoji zaidi ya 64,000, na ingawa vijiji karibu vyote vimefikiwa na gridi, vitongoji vingi bado havijafikiwa. Umeme ukiuzwa nje, fedha zake zina pa kwenda kwanza.

Hiyo ni biashara ya umeme wenyewe. Ndiyo inayozungumzwa bungeni na kwenye mikutano ya kimataifa, kwa sababu ina mabwawa, mikataba na marais wakikata utepe. Lakini ipo biashara nyingine ndani ya soko hilihili, pana zaidi na yenye ajira nyingi zaidi, ambayo wageni wameisoma mpaka wameikariri nasi tumekaa kama wateja. Ni biashara ya vitu: nguzo, nyaya, transfoma, vikombe vya kuhami umeme, mita, betri, inveta.

Wizara ya Biashara ya Marekani huwachapishia wafanyabiashara wake mwongozo wa soko la kila nchi, na kwa nchi kama Kenya, Tanzania na Zambia nishati haikosi kwenye orodha ya sekta zinazopendekezwa. China haihitaji mwongozo. Mkandarasi wake anashuka na meli yenye kila kitu, hadi bolti. Wamisri walitufundisha somo zuri zaidi. Kampuni za Arab Contractors na Elsewedy Electric zilipata kazi ya kujenga bwawa la Rufiji mwaka 2018. Kabla ujenzi haujaisha, Elsewedy walikuwa wameshajenga kiwanda Kigamboni, wanatengeneza nyaya na transfoma. Walikuja kwa zabuni moja, wakakaa kwa soko zima la ukanda. Sina neno baya juu yao. Ndivyo mtu makini anavyofanya biashara, na Watanzania wanaofanya kazi kiwandani pale wanajifunza ufundi wa kweli.

Swali ni sisi tunalionaje soko hilohilo tukisimama Mufindi, Arusha au Naivasha.

Tuanze Mufindi, mkoani Iringa, kwa sababu hapo ndipo fursa ilipo wazi kuliko zote na ndipo tulipoichezea zaidi. Milingoti ya Iringa na Njombe inaota vizuri. Ukiipanda leo, baada ya miaka kumi hivi una nguzo. Mti hukatwa, humenywa gome, hukaushwa, kisha huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma na kutiwa dawa kwa mgandamizo hadi dawa izame ndani ya mbao. Nguzo iliyotiwa dawa sawasawa hudumu miongo. Iliyoharakishwa ikatiwa dawa mbichi huoza shingoni, pale inapokutana na ardhi, na mvua kubwa ya kwanza yenye upepo huiangusha. Wenye mashamba si kampuni kubwa peke yake. Wapo walimu wastaafu na wakulima wa ekari tatu ambao milingoti ndiyo benki yao.

Sasa sikiliza tulivyoitumia neema hii. Mwaka 2012 ilielezwa bungeni kwamba zipo nguzo zilizokatwa Iringa, zikapelekwa Mombasa, kisha zikarudishwa nchini na kuuzwa kama nguzo za Afrika Kusini. Mti wetu ulipanda gari, ukabadilishiwa jina, ukarudi kwa bei ya mgeni. Mwaka 2017 serikali ikaagiza nguzo, nyaya na transfoma za miradi ya umeme zinunuliwe kwa viwanda vya ndani. Wapo waliosema agizo hilo litachelewesha miradi. Mimi naamini lilikuwa sahihi, kwa sababu bila mteja wa uhakika nyumbani hakuna kiwanda kinachoweza kukua hadi kuuza nje. Kasoro yake ni kwamba lilikuja kama amri ya kufunga mlango, halikuja na mpango wa kufungua wa pili. Kenya imekuwa ikinunua nguzo za miti kutoka Tanzania, lakini Wakenya wamekuwa wakihamia nguzo za zege, na Tanesco, shirika letu la umeme, nayo inazitumia mahali penye maji na mijini. Mkulima wa Njombe aliyepanda mlingoti mwaka huu akitegemea nguzo anastahili kuambiwa mapema ukanda huu utanunua nguzo ngapi za mti na ngapi za zege miaka kumi ijayo. Atakayemwambia hajajitokeza.

Arusha kuna kiwanda cha Tanelec, kinachotengeneza transfoma tangu miaka ya 1980. Transfoma ya kusambazia umeme, ile inayokaa juu ya nguzo mbili karibu na mashine ya kusaga, ina faida ambayo watu wa biashara huisahau: ni nzito, imejaa mafuta na ni ghali kuisafirisha. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni kilomita 270 hivi, safari ya siku moja kwa lori. Inayotoka India husubiri meli, kisha bandari, kisha forodha. Jambo la pili ni la kiufundi. Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia, kwa kuwa zilirithi mfumo uleule wa Kiingereza, zinasambaza umeme kwa kilovolti 33 na 11, hezi 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa ajili ya Dodoma itafanya kazi Kitale au Kasama bila kubadilishwa koili. Rwanda na Burundi zilirithi mfumo wa Wabelgiji, zina laini za kilovolti 30, kwa hiyo za kwao hutengenezwa kwa oda maalumu. Hayo ni mambo ambayo fundi wa Arusha anayajua kwa mazoea, na muuzaji wa mbali inabidi ayasome.

Tuseme na ukweli wa upande wa pili. Bati maalumu za chuma zinazokaa ndani ya transfoma hazitengenezwi kwetu. Nyaya za shaba za kuzungushia koili nazo huagizwa. Hapo ndipo panaponiuma, maana shaba ya Zambia na Katanga hupita hapa hapa. Malori yake yanajaza barabara ya Tunduma hadi Dar es Salaam kila siku, mizigo inapanda meli kwenda Asia, na sehemu yake inarudi ikiwa waya. Kobalti nayo, ambayo zaidi ya asilimia 70 ya uzalishaji wa dunia hutoka Kongo, huondoka vivyo hivyo kwenda kuwa betri. Tanzania ina madini ya kinywe Mahenge na Ruangwa, na nikeli Kabanga. Sidai kwamba kesho tutatengeneza betri za magari. Nadai kwamba kuchora waya kutoka kwenye shaba si kazi ya miujiza. Viwanda vya nyaya vya Nairobi na Dar es Salaam vinaifanya, na vikipewa shaba ya jirani kwa masharti mazuri vinaweza kuifanya kwa wingi.

Kwenye sola niseme kwa ufupi: paneli si pa kupigania. China inashikilia zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya utengenezaji wake, na bei imeshuka kiasi kwamba kiwanda kidogo hakiwezi kushindana nayo. Naivasha kuna kiwanda cha Solinc kinachounganisha paneli tangu mwaka 2011, na heshima wanayostahili ni kubwa, lakini faida ya sola katika ukanda huu imepatikana kwingine. Imepatikana kwa kumkopesha mteja. Kampuni ya M-Kopa ilianzia Kenya na Off Grid Electric ikaanzia Arusha, zote miaka ya mwanzo ya 2010, zikitumia pesa za simu kumwezesha mtu asiye na akaunti benki alipie taa na redio kidogokidogo. Utaratibu huo ulizaliwa hapa, ukavuka mipaka hadi Afrika Magharibi. Wengi wa wenye hisa hawakuwa watu wa hapa. Wazo letu, simu zetu, wateja wetu; mtaji wa kigeni. Mifuko yetu ya pensheni, inayopenda majengo kupita kiasi, ingefaa ijiulize kwa nini.

Kuna bidhaa moja isiyopita bandarini kabisa. Kenya ilianza kuzalisha umeme wa mvuke Olkaria mwaka 1981. Kwa miongo minne watu wake wamechimba visima virefu kwenye mwamba wa moto, wakakosea, wakarekebisha, wakawafundisha vijana. Mwaka 2019 KenGen ilipata kazi ya kuchimba visima vya mvuke Ethiopia, na 2021 ikapata nyingine Djibouti. Kampuni ya umma ya Kiafrika ikashinda zabuni, ikatuma wahandisi wake ng'ambo ya mpaka, ikaleta nyumbani fedha za kigeni. Huo ndio usafirishaji nje ninaoupenda kuliko wote, kwa kuwa aliyeuza ujuzi hubaki nao, na kila kazi humwongezea mwingine. Bonde la Ufa linashuka hadi Mbeya, kwenye eneo la Ngozi, ambako Tanzania nayo inatafuta mvuke. Wahandisi wetu waliokaa Rufiji miaka sita wakaiona mitambo tisa ikifungwa, hatua kwa hatua, ni hazina ya aina hiyohiyo. Wasitawanyike kila mmoja na lake. Burundi na Malawi zina mito na zinatafuta watu wa kuijengea mitambo.

Ukubwa wa soko lenyewe ulionekana Dar es Salaam tarehe 27 na 28 Januari 2025, viongozi wa Afrika walipokutana kwa mpango wa kuwafikishia umeme Waafrika milioni 300 ifikapo 2030, chini ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nchi 12 ziliweka ahadi kwenye mkutano huo, zikiwemo Tanzania, Zambia, Malawi na Kongo. Ahadi ya Tanzania ni kuunganisha wateja wapya zaidi ya milioni 8. Tafsiri ahadi hiyo kwa lugha ya stoo: mita za Luku zaidi ya milioni 8, na kwa kila mita kipande cha waya kutoka nguzoni hadi ukutani, kikatio, swichi, soketi, na fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba. Mteja wa kijijini analipa shilingi 27,000 tu. Gharama iliyobaki inalipwa na serikali na wakopeshaji. Maana yake mnunuzi ni mmoja, anajulikana, na anajua leo atanunua nini mwaka 2028. Ni nadra mwenye kiwanda kupata soko la namna hiyo.

Kinachomwangusha mwenye kiwanda si bei ya China peke yake. Ni malipo. Zabuni ya umma ikichelewa kulipwa miezi minane, mgeni mwenye benki nyuma yake atavumilia. Mzawa aliyekopa kwa riba ya asilimia 17 atafunga milango. Mashirika ya umeme nayo yana historia ya kudaiana. Zimbabwe mwaka 2019 ilibanwa na Eskom ya Afrika Kusini kwa deni. Mkataba wa kuuza umeme Zambia, au transfoma Uganda, hauna maana bila dhamana ya malipo, na hapo benki za maendeleo za ukanda zina kazi kubwa zaidi ya kufanya kuliko kuandaa makongamano. Viwango navyo viunganishwe: transfoma iliyopimwa na kupitishwa na TBS, shirika la viwango la Tanzania, isilazimike kupimwa upya kwa mwezi mzima ikifika nchi jirani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo namwomba mbunge wangu na wenzake, siku Wizara ya Nishati itakaposimama kuomba bajeti, wasiishie kuuliza megawati zimefika ngapi. Waulize kati ya mita, nyaya, transfoma na nguzo zitakazofungwa hadi mwaka 2030 ni ngapi zitatengenezwa nchini, ni ngapi tutawauzia majirani, na kiwanda kitakacholeta mzigo leo kitalipwa tarehe gani. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za Bunge, na mwaka unaofuata waulize tena.